Sidi Mubarak Bombay: mtoto aliyeuzwa Kilwa, mtu mzima aliyevuka Afrika kwa miguu



 

Mwaka jana, baada ya msimu wa pamba kumalizika, tulialikwa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, kwenye ufunguzi wa madrasa. Walioijenga ni wafanyabiashara wa pale mjini, na wengi wao ni watu wa kwetu visiwani waliohamia bara wakafungua maduka ya nguo, vyombo na vifaa vya ujenzi. Mpemba, kama mnavyojua, hakosekani penye soko. Tulikaa siku nne, tukasomesha baada ya Alasiri na baada ya Isha, na kama kawaida masuala yakawa mengi kuliko muda.

Mama mmoja alisubiri watu wote waondoke. Binti yake yuko katika nchi moja ya Ghuba, amekwenda kufanya kazi za nyumbani. Alikuwa ametimiza miezi kumi na moja na amelipwa miezi sita tu, na pasi yake ya kusafiria imewekwa na mwajiri. Jamaa nyumbani wanamwambia binti asubiri, asiharibu riziki, tena yuko kwenye nyumba ya Waislamu, hapana baya litakalomfika. Mama alitaka kujua kama binti yake atapata dhambi akiondoka bila ya idhini.

Jibu tulilompa ni fupi. Ujira ni deni, na kumzuilia mfanyakazi ujira wake ni dhulma hata kama mwenye kumzuilia anaswali swala tano katika safu ya mbele. Binti akimbilie ubalozi wetu, adai haki yake, na hana dhambi. Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Imamu Bukhari, Allah anataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama: mwenye kutoa ahadi kwa jina Lake kisha akafanya khiyana, mwenye kumuuza mtu huru akala thamani yake, na mwenye kumwajiri mtu, akamaliza kazi yake, kisha asimlipe.

Usiku ule tulilala katika chumba kilichotengwa kuwa ofisi ya madrasa. Ukutani palikuwa na ramani ya Tanzania, na asubuhi mwanafunzi aliyetuletea chai alituonesha Mto Simiyu, unavyotoka upande wa Serengeti ukaelekea magharibi mpaka Ziwa Nyanza. Mahali unapomwagikia pameandikwa Ghuba ya Speke. Akatuuliza huyo Speke ni nani. Tulimwambia kuwa ni Muingereza aliyefika ziwani mwaka 1858. Lakini fikra zetu zilikwenda kwa mtu mwengine, Muislamu aliyefika pale pamoja naye siku ileile na ambaye bila yeye Speke asingeweza hata kuomba maji ya kunywa. Kwa jina lake hapana ghuba, wala mlima, wala kijito.

Mtu huyo ni Sidi Mubarak Bombay. Wasomi wa historia wanamjua vizuri. Majumbani mwetu visiwani, ambako ndiko kulikokuwa kwao ukubwani, hatajwi, na tunadhani tunaijua sababu: hadithi yake inaanzia mahali ambapo hatupendi kuanzia.

Alizaliwa karibu na mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kwenye mpaka wa Tanzania na Msumbiji wa leo. Mama yake alifariki yeye angali mchanga, akalelewa na baba. Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na miwili, kundi kubwa la wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani, pamoja na watumwa wao, wote wana panga na bunduki, walikizingira kijiji chao ghafla. Walikuja kudai madeni. Katika miaka ya njaa wanakijiji walikuwa wamekopa nguo na shanga, kila nyumba kwa mtu wake, na sasa wadai wote walikuja kwa pamoja na kutaka kulipwa siku ileile. Hapakuwa na mwenye kukana deni, na hapakuwa na mwenye kulipa. Mishale haishindani na bunduki, basi wanakijiji walivizia nafasi wakakimbia. Wengi walikamatwa, na huyo mtoto akiwemo. Khabari za baba yake hakuzipata tena mpaka anakufa.

Wakafungwa, wakaendeshwa kwa miguu mpaka Kilwa, wakapakiwa jahazini kuja Unguja, wakaingizwa sokoni. Mfanyabiashara mmoja Mwarabu akamnunua akaenda naye India.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ni hapa ambapo watu wetu hupenda kupapita mbio. Tumesikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu wenye elimu, kwamba utumwa wa kwetu haukuwa kama wa wengine, na kwamba dini iliuruhusu. Tuangalie basi kisa hiki kwa mizani ya fiqhi, tuwache mizani ya mapenzi. Kijiji kile hakikuwa na vita na Waislamu, na hapana aliyelingania Uislamu pale akakataliwa. Palikuwa na deni la nguo na shanga. Qur'ani inaamrisha kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula mpaka awe na wasaa, na kumsamehe ni kheri zaidi. Mtu huru hauzwi kwa deni lake, seuze mtoto kwa deni la baba yake. Alichofanyiwa mtoto huyo ni kuuzwa mtu huru na kuliwa thamani yake, yaani lile jambo la pili katika ile Hadithi Qudsi. Waliofanya hivyo walikuwa Waislamu, na walioona Kilwa na Unguja wakanyamaza walikuwa Waislamu, na baadhi yao bila ya shaka ni mababu zetu. Kulisema hili hakuutii Uislamu aibu, kwani sheria ilikuwa wazi. Aibu ni ya aliyeijua sheria akaifungia kabatini akenda sokoni.

Na tuliyoyaona Bariadi yalitukumbusha. Mkulima wa pamba huchukua mbegu na dawa kwa mkopo, na siku ya mizani wapo wanaorudi nyumbani mikono mitupu. Ndugu zetu wenye maduka tuliwausia juu ya hilo kwa urefu, na hatutayarejea hapa.

Huko India alikaa miaka mingi. Jina alilozaliwa nalo limepotea. Mubarak ni jina alilopewa utumwani, Bombay ni mji ambao kwa sasa unaitwa Mumbai, na Sidi ndilo neno ambalo Wahindi waliwaitia watu wenye asili ya Afrika. Angalieni maajabu ya lugha: kwa Waarabu neno hilo asili yake ni kumwita mtu bwana wangu, na likamwangukia mtu asiyeimiliki hata nafsi yake. Alijifunza Kihindustani cha sokoni, si cha vitabuni, na Kiswahili alikuwa nacho tayari. Bwana wake alipofariki akawa huru. Fiqhi inalijua jambo la mtumwa kuwa huru kwa kifo cha bwana wake, inaliita tadbiri, na pengine ndivyo ilivyokuwa, au pengine warithi walikuwa na huruma. Kwa vyovyote, mtu mzima huru alipanda chombo akarudi Unguja. Kwao Uyaoni hakurudi. Angerudi kwa nani?

Unguja aliingia katika askari wa Sayyid Said bin Sultan. Kazi ya askari wa wakati ule ilikuwa ya njaa kwa kiasi kikubwa, mshahara mdogo na kukaa bure, mpaka alipopelekwa kwenye ngome ndogo ya Chogwe, katika upande wa Mto Pangani, chini ya jamadari wa Kibaluchi. Hapo ndipo walipomkuta Waingereza wawili mwanzoni mwa mwaka 1857, Richard Burton na John Hanning Speke. Huyo Burton ni yuleyule aliyeingia Makka mwaka 1853 akijifanya Muislamu kisha akaandika kitabu. Speke alikuwa afisa wa jeshi la Waingereza huko India. Kiarabu hakukijua na Kiswahili hakukijua, lakini alikuwa na Kihindustani kidogo. Na katika ngome nzima ile aliyeweza kusema naye alikuwa Bombay.

Basi lugha aliyoipata katika utumwa ndiyo iliyomfungulia riziki. Wakamwajiri yeye pamoja na mwenzake Mabruki, aliyekuwa kama ndugu yake, na mwezi wa Juni 1857 wakaanza safari ya kwenda maziwa makuu. Walifika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Novemba, na Ujiji mwezi wa Februari 1858. Wote wawili, Burton na Speke, waliugua sana. Mmoja alishindwa kutembea na mwengine alikuwa haoni vizuri. Katika safari hiyo ndipo Bombay alipojipatia sifa ambayo hata wabaya wake hawakuweza kumvua: mikono yake haikugusa kisichokuwa chake. Katika msafara uliojaa nguo, shanga na waya wa shaba, ambavyo ndivyo vilivyokuwa fedha za bara, na ambamo kila siku kitu kilipotea, yeye aliaminiwa bohari. Wanaofanya kazi za dukani wanajua uzito wa jambo hilo.

Mwezi wa Julai 1858 Burton alibakia Kazeh, na Speke akaelekea kaskazini pamoja na Bombay na kikosi kidogo, kulitafuta ziwa ambalo Waarabu wa Kazeh walikuwa wakilitaja. Hii ndiyo safari inayowahusu watu wa Usukumani. Njiani walipita kwa malkia mmoja aliyeitwa Ungugu, na mazungumzo naye yalikwenda kwa ngazi: Speke alisema kwa Kihindustani, Bombay akageuza kwa Kiswahili, mwenyeji akageuza kwa lugha ya pale, na jibu likapanda ngazi hiyohiyo kurudi. Jaribuni kufikiri mzigo wa mtu wa katikati. Akikosea neno moja, njia inafungwa au mtu anapigwa mkuki. Asubuhi ya tarehe 3 Agosti 1858 wakapanda kilima karibu na Mwanza na wakaliona ziwa. Mfalme wa pale alikuwa Mahaya, na katika mji wake walimkuta mfanyabiashara Mwarabu, Mansur bin Salim, aliyewapokea kwa wema. Hawakuweza kuvuka kwenda Ukerewe kwa sababu nguo zilikuwa zimewaishia, wakarejea Kazeh tarehe 25 mwezi huohuo.

Bariadi hakufika, wala hatutaki kumpachika safari ambayo hakuifanya. Lakini ghuba ile aliyotuonesha mwanafunzi iko mashariki ya pale alipokuwa amesimama, na jina la Speke iliwekewa na Stanley mwaka 1875.

Liko jambo katika safari hiyo ambalo sisi kama walimu haliwezi kutupita. Jioni moja Speke alimsimulia Bombay kwamba watu weusi wamekuwa watumwa kwa sababu ni kizazi cha Ham, mtoto wa Nuhu aliyelaaniwa, na kwamba hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Alimwambia hayo mtu aliyeibiwa utotoni kwa deni la shanga. Hadithi hiyo ya laana ya Ham, kwa masikitiko, imeingia hata katika baadhi ya vitabu vya visa vya Mitume vinavyosomwa na Waislamu, na tumeisikia ikitolewa misikitini. Haina asili katika Qur'ani wala katika Hadithi sahihi. Imetoka katika simulizi za Bani Israili, na hata huko katika Taurati yao aliyelaaniwa siye Ham bali ni mwanawe, wala rangi ya mtu haikutajwa. Bombay hakuwa na mwanachuoni pembeni yake wa kumwambia hivyo. Wangekuwepo wa kumwambia kama sisi pwani tungelikwenda bara na vitabu kabla ya kwenda na bunduki.

Waliporudi Unguja mwaka 1859 ulizuka mzozo kuhusu ujira. Baadhi ya watu wa msafara walidai kuwa hawakulipwa walichoahidiwa. Burton alisema hawakustahiki, na konseli wa Kiingereza wa Unguja, Rigby, akayapeleka malalamiko kwa serikali yao huko Bombay. Mzozo ulidumu na ukamtia doa Burton. Tunaona basi kwamba mashitaka ya ujira dhidi ya mwajiri wa mbali si jambo jipya katika visiwa hivi, na walioshitaki hawakuonekana kuwa watovu wa subira.

Speke alirudi mwaka 1860, safari hii pamoja na James Grant, na Bombay akaajiriwa tena. Palikuwa na mwengine, Baraka, mtu hodari mwenye ulimi, aliyeona kwamba ukuu wa msafara unamstahiki yeye, na ugomvi wao uliusumbua msafara kwa muda mrefu. Katika safari hiyo Speke alimpiga Bombay ngumi usoni mbele ya watu kwa sababu ya kutofautiana juu ya kuhamisha kambi na mizigo. Speke mwenyewe ameyaandika hayo na akakiri kwamba ilimuuma. Miaka kumi baadaye Stanley aliona pengo la meno ya mbele mdomoni mwa Bombay na akaandika kuwa ni kazi ya ngumi ya Speke. Hata hivyo Bombay hakuondoka. Wengine watasema ni unyonge, wengine watasema ni uaminifu wa mkataba. Sisi tunaona kwamba mtu asiye na baba, wala kijiji, wala wa kumlilia, hana pengi pa kwenda, na wenye kuajiri wanalijua hilo, jana na leo.

Walikaa Karagwe kwa mfalme Rumanika na Buganda kwa Mutesa, na mwezi wa Julai 1862 wakafika katika Mto Naili unapotoka ziwani. Hapo Speke alijawa na furaha, akawaambia watu wake kwamba inawapasa wanyoe vichwa na waoge katika mto huo mtukufu, alikoelea Nabii Musa alipokuwa mchanga, mto ambao maji yake yanachukuliwa mpaka Makka kuuziwa mahujaji. Bombay akamjibu, kwa maana, kuwa wao hawayaangalii mambo hayo kwa khayali kama yake, kwamba wanatosheka na maisha ya kawaida, na kwamba mambo yakienda vibaya ni matakwa ya Mungu, na yakienda vizuri ni matakwa Yake pia. Speke alilichukulia jibu hilo kuwa ni falsafa ya mtu asiyejali. Sisi tumelisoma mara nyingi na kila mara tunaona kitu chengine. Mtu ambaye hakupata kukaa chuoni alikataa kulitukuza jiwe na maji kwa sababu tu ya amri ya bwana wake wa kazi, na akaikiri nguzo ya sita ya imani, kuamini Qadari, kheri yake na shari yake. Wapo wanafunzi wetu wa chuo kikuu ambao wangeipata nusu ya jibu hilo.

Wakateremka na Naili mpaka Gondokoro mwezi wa Februari 1863, kisha Khartoum, kisha Cairo. Watu kumi na wanane waliobakia mpaka mwisho, Bombay akiwa mkuu wao, wakapigwa picha na kusafirishwa kupitia Suez na Aden. Meli ikawachukua mpaka Morisi kabla ya kurejeshwa kupitia Shelisheli mpaka Unguja. Hesabuni nchi alizokuwa ameshaziona kufikia hapo mtu huyu: Uyao, Kilwa, Unguja, India, bara yote mpaka Ujiji, Nyanza, Buganda, Bunyoro, Sudani, Misri, Aden, Morisi. Katika wasafiri wa pwani yetu wa zama zile sijui, samahani, hatujui nani wa kumfananisha naye. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunukia nishani ya fedha.

Mwaka 1871 akawa nahodha wa wapagazi wa Henry Stanley katika safari ya kumtafuta Livingstone, waliyemkuta Ujiji mwishoni mwa mwaka huo. Stanley alikuwa mtu mkali, akitumia fimbo, na Bombay, ambaye sasa alikuwa na umri wa miaka hamsini, naye alipigwa. Hatuna haja ya kurefusha.

Safari ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote. Mwezi wa Machi 1873 alitoka Bagamoyo na Verney Lovett Cameron. Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, soko la watumwa la Unguja alilouziwa utotoni lilifungwa kwa mkataba uliotiwa saini na Sayyid Barghash, naye yuko bara kwa miguu. Huko Tabora, mwezi wa Oktoba, walikutana na jeneza la Livingstone likichukuliwa na watu wake, Chuma na Susi, kuletwa pwani. Msafara wa Cameron ukaendelea magharibi, ukapita Ujiji, ukavuka ziwa, ukaingia Kongo, na mwezi wa Novemba 1875 ukatokeza kwenye pwani ya Angola karibu na Benguela. Bombay akawa ameivuka Afrika kutoka bahari moja mpaka nyengine. Walirudishwa nyumbani kwa chombo cha baharini kwa kuzunguka Rasi ya kusini. Wanaofanya hesabu wanakadiria kwamba katika uhai wake alitembea kiasi cha kilometa 9,600, nyingi kwa miguu.

Mwandishi wa sira hafichi. Cameron alilalamika kwamba Bombay katika safari hiyo alikuwa mzito na mwenye kunywa pombe, na Speke na Stanley nao walitaja ulevi. Ulevi ni haramu na hatuuremba. Vilevile katika safari ya kwanza watu wa msafara, na yeye akiwemo, walinunua watumwa kwa fedha zao za ujira. Jambo hili lilituumiza zaidi kuliko pombe tulipolisoma mara ya kwanza, tukiwa wanafunzi wa chuo kikuu. Aliyeuzwa naye akanunua. Mwalimu wetu wa historia alituuliza tulitegemea nini kwa mtu ambaye tangu utoto wake kila Muislamu mwenye heshima aliyemuona alikuwa na mtumwa. Hatukuwa na jibu. Tulilonalo leo ni hili tu, kwamba kosa lake linabakia kuwa kosa, na waliomfundisha kosa hilo kwa vitendo wana fungu lao. Abu Dharr, radhi za Allah ziwe juu yake, alikemewa na Mtume, rehma na amani zimfikie, kwa kumtukana mtu kwa mama yake tu, akaambiwa kuwa bado ana ujahili ndani yake, na kwamba walio chini ya mikono yenu ni ndugu zenu, walisheni mnachokula na wavisheni mnachovaa. Mafundisho hayo yalikuwa yakisomwa Unguja, na soko lilikuwa hatua chache kutoka misikitini.

Mwaka 1876 Jumuiya ya London ilimpangia pensheni ya maisha. Hazikuwa fedha nyingi, lakini zilikuja kila mwaka bila ya kukatwa, na aliishi kwazo Unguja. Tunalisema hili kwa haya: Wazungu waliompiga ndio waliomlipa uzeeni. Aliyemuuza, na waliomnunua, na waliofaidi njia za biashara alizosaidia kuzifungua, hawakumpangia kitu. Hyde Park, kwa upande wa bustani za Kensington, Speke ana nguzo ya mawe ya kumkumbuka. Speke alikuwa amekufa zamani, mwaka 1864, kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa windoni.

Sidi Mubarak Bombay alifariki mwaka 1885. Ulikuwa ndio mwaka ambao manowari za Wajerumani zilikuja kutia nanga mbele ya Beit al-Ajaib kumlazimisha Sayyid Barghash aiachie bara, na bara hiyo waliijua kwa ramani zilizochorwa na mabwana wa Bombay kutokana na njia alizozikanyaga yeye. Kama alilijua hilo au hakulijua, lilikuwa limeshapita mikononi mwake. Allah amrehemu, amsamehe makosa yake, na amlipe kwa dhulma aliyofanyiwa, na atusamehe sisi na waliotutangulia.

Khabari za yule binti: mama yake alitupigia simu kutoka Bariadi mwezi uliopita. Amesharudi. Alifika kwanza Dar es Salaam, kisha akapanda basi usiku kucha mpaka nyumbani, na pasi yake anayo mkononi. Miezi mitano ya ujira bado hajalipwa. Tumempa anuani ya kupeleka madai, na tumeahidi kumwandikia barua kwa Kiarabu.